Muuguzi wa saratani na vyama vyake: kipi kinafanya nini, na ada yako inafaa wapi

Lalamiko moja husikika sana miongoni mwa wauguzi: "Nimelipa ada mwaka wa tatu huu, chama hakijanifanyia lolote." Ukimuuliza mlalamikaji alitarajia nini, mara nyingi atataja nyongeza ya mshahara, posho ya mazingira hatarishi, au msaada wa leseni iliyokwama. Yote hayo ana haki ya kuyadai. Ila hakuna hata moja ambalo chama cha taaluma kimeundwa kulifanya, na lile ambalo kimeundwa kulifanya hajawahi kuliomba.

Kwenye wodi ya saratani mkanganyiko huu una gharama kubwa kuliko kwingine. Huko muuguzi anashika dawa zinazoweza kumuua mgonjwa kwa kosa la njia ya sindano tu, na zinazoweza kumdhuru yeye mwenyewe polepole bila kuhisi maumivu yoyote. Ndiyo maana inafaa kuvitenganisha vyombo hivi kimoja kimoja, kisha tuone chama cha wauguzi wa saratani kinampa nini mwanachama anayejua kukitumia.

Vyombo vitatu, kazi tatu

Cha kwanza ni baraza. Baraza lipo kwa mujibu wa sheria, na anayelindwa nalo ni mgonjwa. Linaandikisha wauguzi, linatoa leseni na kuihuisha, linasikiliza mashauri ya nidhamu. Tanzania Bara ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC), Kenya ni NCK, Uingereza ni NMC, na Marekani kila jimbo lina bodi yake. Huchagui kujiunga nalo au kutojiunga: ukifanya kazi bila leseni yake umevunja sheria.

Cha pili ni chama cha wafanyakazi. Hiki kinakaa mezani na mwajiri kuzungumzia mshahara, saa za kazi, likizo na posho, na mazungumzo yakishindikana kinaweza kuitisha mgomo. Tanzania, wauguzi wengi wa serikali wako TUGHE. Kenya wako KNUN. Mgomo mrefu wa wauguzi wa Kenya wa mwaka 2017, ulioanza Juni ukaisha mwanzoni mwa Novemba, uliongozwa na KNUN. Ada ya chama hiki kwa kawaida hukatwa kwenye mshahara moja kwa moja, na pengine ndiyo sababu watu huichanganya na ada nyingine yoyote.

Cha tatu ndicho chama cha taaluma. Swali lake ni moja: kazi hii ifanyweje ili mgonjwa afaidike na muuguzi asidhurike? Tanzania kuna TANNA, Kenya kuna NNAK, na ndani ya vyama hivi vya kitaifa huweza kuwa na matawi ya fani. Wauguzi wa saratani wa Kenya wana tawi lao chini ya NNAK. Nje ya Afrika Mashariki kuna ONS ya Marekani, UKONS ya Uingereza, EONS ya Ulaya, na ISNCC inayounganisha vyama vya wauguzi wa saratani duniani pamoja na mwanachama mmoja mmoja.

Mipaka hii si ukuta. Chama cha RCN cha Uingereza ni chama cha wafanyakazi na pia ni cha taaluma, kwa hiyo muuguzi aliyetoka Mombasa akaajiriwa Leeds anaweza kudhani kila chama kinafanya yote mawili. Vyama vya kitaifa vya wauguzi navyo huzungumzia maslahi mara kwa mara. Lakini dai lenyewe likiwa la mshahara, mwenye nguvu ya kisheria ya kulifikisha kwa mwajiri ni chama cha wafanyakazi.

Kwa nini saratani iwe na chama chake

Muuguzi anayehitimu stashahada au hata shahada amesoma kuhusu saratani kidogo sana: sura chache darasani, na zamu chache wodini kama alibahatika. Kisha anapangiwa kitengo cha saratani na kufundishwa na aliyemtangulia, ambaye naye alifundishwa vivyo hivyo. Ujuzi mzuri hurithiwa kwa njia hiyo. Makosa nayo hurithiwa, tena kwa heshima ileile, kwa sababu yamefundishwa na mtu anayeaminika.

Baraza haliingii kwenye undani huo, kwa sababu mitaala na mitihani yake ni ya uuguzi kwa ujumla. Chama cha wafanyakazi kitadai glavu, lakini hakitakuambia ni glavu za aina gani. Pengo hilo ndilo lililowafanya wauguzi wa saratani wajikusanye wenyewe. Marekani walikutana katika kongamano la kitaifa mwaka 1973, na mwaka 1975 ONS ikasajiliwa. Leo ina wanachama zaidi ya 35,000 na makao yake yako Pittsburgh. Mwaka 1984 ikaanzishwa ISNCC, akiwa mstari wa mbele Robert Tiffany, muuguzi wa hospitali ya Royal Marsden ya London.

Kilichowasukuma hakikuwa hamu ya kuwa na chama. Dawa za kemotherapi zilikuwa zimeongezeka haraka, na kazi ya kuzichanganya na kuzitoa ikaangukia kwa wauguzi bila mwongozo. Mwaka 1979 watafiti wa Finland walichapisha kwenye jarida la The Lancet matokeo yaliyowashtua wengi: mkojo wa wauguzi waliokuwa wakishughulika na dawa hizi ulikuwa na uwezo wa kusababisha mabadiliko ya vinasaba. Wauguzi hawa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanafanya kazi tu.

Miongozo iliyotokana na miaka hiyo ndiyo tunayoisoma leo. Vaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, zilizopimwa mahsusi kwa dawa za saratani (kipimo kinachotajwa kwenye boksi ni ASTM D6978), na zibadilishwe kila baada ya dakika 30 au papo hapo zikichanika. Gauni liwe la mikono mirefu, lisilopitisha majimaji, linalofungwa nyuma. Mkojo, kinyesi na matapishi ya mgonjwa vishughulikiwe kwa tahadhari ileile kwa saa 48 baada ya dozi ya mwisho. Muuguzi mjamzito, anayenyonyesha au anayepanga kupata mimba apewe nafasi ya kufanya kazi nyingine.

Maelekezo hayo yanajulikana sehemu nyingi, ila huvunjwa mahali palepale. Muuguzi huvaa glavu wakati wa kutundika dripu, kisha huja kuichomoa akiwa mikono mitupu, ilhali mpira bado una dawa. Mpira wa dripu hujazwa kwa dawa yenyewe badala ya chumvi ya kawaida, na matone ya kwanza yanaangukia kwenye beseni au sakafuni. Vidonge vya kemotherapi vinasagwa kwa kijiko pale mgonjwa anaposhindwa kumeza. Na mara nyingi ndugu wa mgonjwa ndiye anayefua mashuka nyumbani bila kuambiwa lolote kuhusu hizo saa 48.

Mwongozo ukiwa mkononi, kinachobadilika ni nini

Tuchukue mfano wa vinkristini, dawa inayotumika sana kwa watoto wenye saratani ya damu na kwa wagonjwa wa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu. Inatakiwa kuingia kwenye mshipa tu. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, karibu kila mara mgonjwa hufa, baada ya siku za kupooza na maumivu makali. Kosa hili limetokea katika nchi nyingi, tena katika hospitali nzuri, na hutokea kwa namna ileile: siku hiyohiyo mgonjwa ana dawa nyingine ya kuchomwa uti wa mgongo, dawa zote mbili zimevutwa kwenye mabomba ya sindano yanayofanana, yamewekwa kwenye trei moja, na aliyechoma ameamini kwamba aliyeandaa alijua.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari: vinkristini isiandaliwe kwenye bomba la sindano. Itiwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, kwa mtu mzima wenye mililita 50 kwa mfano, kwa sababu hakuna atakayejaribu kuuchoma mfuko mzima kwenye uti wa mgongo. Suluhisho ni rahisi na la bei ndogo. Ila mifuko isipoagizwa na famasia, na muuguzi asipojua kwamba ana haki ya kukataa bomba, tahadhari inabaki kwenye karatasi.

Hapa ndipo uanachama unapoonyesha thamani yake. Muuguzi mwenye miaka miwili kazini akimwambia daktari bingwa kwamba hatatoa dawa kwa namna hii, neno lake linapambana na cheo. Akiweka mezani mwongozo wa chama cha fani, wenye tarehe na ukurasa, mazungumzo hayahusu tena ujasiri wake. Sasa daktari anaulizwa kwa nini hospitali iende kinyume na kiwango kilichoandikwa. Viwango vya usalama wa kutoa kemotherapi vilivyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 na ONS pamoja na chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, viliandikwa na fani hizo mbili kwa pamoja, kwa hiyo daktari hawezi kusema ni mambo ya wauguzi. Ndani yake mna sharti kwamba watu wawili wahakikishe dawa, dozi na mgonjwa, kila mmoja peke yake. Mmoja kusoma kwa sauti huku mwenzake anaitikia "ndiyo" si kuhakikisha.

Mfano wa pili ni dawa kuvuja nje ya mshipa. Doksorubisini, ile nyekundu, ikivuja huendelea kula nyama ya mkono kwa siku na wiki kadhaa. Hatua za kwanza zinajulikana: simamisha dripu, usichomoe kanula (kimpira kilichoingizwa mshipani), unganisha bomba tupu la sindano na uvute kiasi cha dawa kinachowezekana kurudi, ndipo utoe kanula. Chora mpaka wa eneo lililoathirika kwa kalamu, piga picha, andika saa. Weka baridi kwa dakika 15 hadi 20, mara nne kwa siku, kwa saa 24 hadi 48. Usikandamize. Deksirazoksani, dawa ya kuzuia madhara ya uvujaji huo, ikiwepo, dozi ya kwanza ianze ndani ya saa 6, na inatolewa siku tatu mfululizo. Wanaotumia DMSO, dawa nyingine ya kupaka, wasiitumie pamoja nayo.

Sasa badilisha dawa. Iliyovuja ni vinkristini, na muuguzi aliyezoea doksorubisini anakimbilia barafu. Hilo ni kosa. Vinkristini hutaka joto, ili dawa isambae na kupungua makali, pamoja na hailuronidasi, kimeng'enya kinachosaidia dawa kusambaa, ikipatikana; baridi huzidisha madhara. Hatua za kwanza ni zilezile, ile ya baridi au joto ni kinyume kabisa, na hakuna anayeweza kulikumbuka hilo saa 9 usiku akiwa na wagonjwa 30. Linahitaji karatasi moja iliyobandikwa ukutani, na mtu wa kuhakikisha kwamba karatasi hiyo inalingana na mwongozo wa sasa. Kuiandaa na kuihuisha karatasi ya namna hiyo, kwa ajili ya hospitali zote za nchi, ndiyo kazi halisi ya chama.

Miongozo ya nje isinakiliwe ilivyo

Mwongozo wa ONS umeandikwa kwa hospitali za Marekani. Unachukulia kwamba kuna kabati la usalama la kuchanganyia dawa, vifaa vya kuunganishia visivyovujisha, na deksirazoksani stoo. Muuguzi wa hospitali ya rufaa ya mkoa akiusoma anaweza kukata tamaa na kuufunga. Ndiyo maana chama cha kigeni peke yake hakitoshi, hata kama ada yake unaimudu.

Chama cha nyumbani kina wajibu wa kusema wazi: hiki hatukubali kukosa, hiki tunaweza kukiahirisha. Glavu mbili hazina mjadala. Kuchanganya dawa kwenye meza ya wodi, feni ikizunguka juu, ni jambo la kukomeshwa, na tiba yake si barakoa. Uchanganyaji uhamishiwe famasia, sehemu moja, siku maalumu, na wagonjwa wapangiwe kufuata siku hizo. Vifaa visivyovujisha vinaweza kusubiri bajeti. Uamuzi wa aina hii ukitolewa na wauguzi wa hospitali za Ocean Road, Muhimbili, Bugando na KCMC kwa pamoja una uzito ambao muuguzi mfawidhi mmoja hawezi kuupata akiandika barua peke yake kuomba vifaa.

Mfano mwingine wa kitu kinachohamishika vizuri ni homa baada ya kemotherapi. UKONS wana chombo cha kupima hali ya mgonjwa anayepiga simu, kwa rangi za taa: kijani, njano, nyekundu. Kiini chake hakihitaji mashine. Mgonjwa aliyepata kemotherapi akiwa na joto la 38.3, au la 38 linalodumu saa nzima, ahesabiwe kuwa kwenye hatari hadi ithibitishwe vinginevyo, na dozi ya kwanza ya antibiotiki iingie ndani ya dakika 60. Kinachoua ni foleni: mgonjwa anafika mapokezi, anaandikishwa, anangoja daktari, anatumwa maabara, ndugu anatumwa kununua dawa nje, na saa 6 zimepita.

Tawi la chama linaweza kulimaliza hilo kwa hatua chache. Andikeni ukurasa mmoja unaomruhusu muuguzi kuchukua damu na kuanza antibiotiki iliyokubaliwa kabla ya kumwona daktari. Daktari wa saratani, mfamasia na matroni wausaini. Dozi ya kwanza ikae wodini. Mgonjwa apewe kadi ya kuonyesha mapokezi, iliyoandikwa kwa Kiswahili, inayosema kwamba yuko kwenye kemotherapi na homa yake ni dharura. Kisha fungueni daftari lenye safu mbili, saa aliyofika na saa aliyopata dawa. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na namba, na namba hizo zina matumizi zaidi ya moja, kama tutakavyoona.

Sheria hubadilishwa na wengi

Yapo mambo ambayo hata wodi bora haiwezi kuyafanya kwa sababu sheria hairuhusu. Mfano ulio karibu nasi ni Uganda. Wagonjwa wa saratani walikuwa wakifa vijijini kwa maumivu, ilhali mofini ya maji, dawa ya bei nafuu, ilihitaji kuandikwa na daktari, na madaktari walikuwa mijini. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, ilikuwa imeonyesha kwamba muuguzi aliyefunzwa anaweza kuisimamia dawa hiyo nyumbani kwa mgonjwa kwa usalama. Mwaka 1999 kikaundwa chama cha tiba shufaa (tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa) cha nchi hiyo. Mwaka 2004, kwa kazi ya pamoja ya wizara, hospisi na chama, kanuni zilirekebishwa ili wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini.

Baraza lisingeweza kuanzisha hoja hiyo, kwa kuwa linasimamia sheria iliyopo. Chama cha wafanyakazi hakina sababu ya kuibeba. Ilihitaji kundi la watu wa fani moja, wenye ushahidi wa kutoka wodini, walio tayari kurudi wizarani tena na tena. Popote ambapo mofini bado inangoja sahihi ya daktari asiyekuwepo, ajenda hiyo inastahili kuwa ya kwanza kwenye mkutano mkuu.

Uanachama si cheti cha ubingwa

Hapa watu wengi hupoteza fedha. Kuwa mwanachama wa ONS hakukupi hadhi ya OCN, yaani cheti cha ubingwa wa uuguzi wa saratani, ile inayoandikwa baada ya majina ya wauguzi wa saratani wa Marekani. Mtihani wa OCN unatolewa na chombo kingine, ONCC, na masharti yake ni mengine: leseni hai ya uuguzi ya Marekani au Kanada, angalau miaka 2 ya kazi ya uuguzi ndani ya miaka 4 iliyopita, saa 2,000 za kuhudumia wagonjwa wa saratani ndani ya kipindi hichohicho, na saa 10 za mafunzo ya saratani ndani ya miaka 3. Muuguzi aliye Dodoma au Kisumu asiye na leseni ya huko hafikii sharti la kwanza, hata alipe ada miaka kumi. Aliyehamia Minnesota na kupata leseni anaweza, na uanachama humpunguzia ada ya mtihani.

Uingereza hali ni tofauti. NMC inamtaka muuguzi kuthibitisha upya usajili wake kila miaka 3: saa 450 za kazi, saa 35 za mafunzo, na kati ya hizo 20 ziwe za kushiriki pamoja na wengine, si kusoma peke yako. Saa hizo 20 ndizo zinazowasumbua walio kwenye zamu za usiku, na warsha za UKONS au za RCN huzikamilisha vizuri.

Nyumbani, swali la kuuliza kabla ya kulipia mafunzo yoyote ya chama ni kama yametambuliwa na baraza lako kwa ajili ya kuhuisha leseni. Chama kinaweza kutoa semina nzuri sana ambayo haihesabiki. Nenda ukijifunze, lakini ujue hivyo mapema.

Kabla ya kulipa, na mwaka wa kwanza

Omba katiba ya chama na uisome kifungu cha malengo. Uliza mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini na kama hesabu zilizokaguliwa ziliwekwa mbele ya wanachama. Chama ambacho hakijafanya mkutano mkuu kwa miaka kadhaa hakijafa lazima, lakini ujiunge ukijua kwamba kazi ya kwanza itakuwa kukifufua. Ukilipa kwa simu, andika namba yako ya uanachama kwenye kumbukumbu ya malipo na uhifadhi ujumbe. Malipo yasiyo na jina ni chanzo cha kawaida cha wanachama kuambiwa hawajalipa.

Kwa chama cha kimataifa, angalia kwanza kama kina kiwango cha ada cha nchi za kipato cha chini, na kama chama chako cha kitaifa tayari ni mwanachama, kwa sababu huenda baadhi ya manufaa yanakufikia kupitia huko. Usilipe ada ya nje kwa ajili ya majarida pekee. Mpango wa Hinari, unaoendeshwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji tangu 2002, unazipa taasisi za nchi nyingi za kipato cha chini majarida ya afya bure au kwa ada ndogo. Muulize mkutubi wa chuo au hospitali yako kama taasisi imesajiliwa na nenosiri liko kwa nani. Mara nyingi lipo kwenye droo ya mtu.

Mwaka wa kwanza usiutumie kungoja mwaliko wa kongamano. Pakua mwongozo mmoja, ulinganishe na mnavyofanya wodini, chagua tofauti moja, uirekebishe, uhesabu. Ile daftari ya homa inafaa hapa. AORTIC, shirika la Afrika la utafiti na mafunzo ya saratani lililoanzishwa mwaka 1983, hufanya mkutano kila baada ya miaka miwili. Wa 2023 ulikuwa Dakar. Mikutano kama huo hupokea muhtasari wa kazi za wauguzi, na mihtasari mingi hukataliwa kwa sababu moja: imejaa nia njema bila namba. Ukiandika kwamba muda wa kungoja antibiotiki ulikuwa kiasi fulani, mkafanya mabadiliko haya, ukashuka hadi kiasi fulani, una muhtasari. Ufadhili wa nauli huombwa miezi mingi kabla, na karibu kila mara huanza na swali la kama kazi yako imekubaliwa.

Pale ambapo hakuna tawi

Usianze kwa kwenda kwa Msajili wa Vyama. Kusajili chama kipya kunataka katiba, viongozi, orodha ya wanachama na taarifa za kila mwaka, na watu wa zamu huchoka kabla ya kikao cha tatu. Anza kwa kuuandikia uongozi wa chama cha kitaifa ukiomba tawi la fani, kwa kutaja kifungu cha katiba kinachoruhusu. Ambatisha majina ya wauguzi kutoka kila hospitali inayotoa kemotherapi, wakiwemo wa mionzi, wa watoto, wa tiba shufaa na wa uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi, ambao husahaulika kwa kuwa hawako wodini.

Nafasi zote za uongozi zisiende kwa hospitali moja kubwa ya mjini. Vikao vifanyike kwa intaneti, na kila somo lirudiwe mara mbili kwa saa tofauti, kwa sababu nusu ya wanachama watakuwa zamu. Fedha zikae benki kwa sahihi mbili kati ya tatu. Kampuni ya dawa ikijitolea kugharimia semina, mada na wasemaji wachaguliwe na tawi, na hilo liandikwe kabla ya fedha kupokelewa. Na kundi la WhatsApp liwe na sharti moja lisilolegezwa: hakuna picha ya mgonjwa yenye sura, jina au namba ya faili. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na picha ya jeraha iliyotumwa kwa nia ya kuomba ushauri inaweza kumfikisha mtumaji pabaya.

Jambo la mwisho hupuuzwa sana wakati wa uchaguzi. Matroni na wauguzi wafawidhi huchaguliwa kwa heshima, nao huwa wachapakazi wazuri. Lakini kazi mojawapo kubwa ya tawi ni kikao cha kujadili makosa: dozi iliyopita kiwango, dawa iliyovuja, glavu ambazo hazikuvaliwa. Muuguzi hatasema ukweli mbele ya mtu atakayeandika tathmini yake ya mwaka. Wakubwa wabaki na uenyekiti kama wanachama wanawataka, ila kikao hicho kiendeshwe na mtu wa hospitali nyingine, majina yasiandikwe, na kumbukumbu zitaje tu kilichotokea, kilichokosekana, na kitakachobadilishwa kabla ya kikao kijacho.